Unashukia Wapi?

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ukimwambia mtu kwamba unakwenda Kigoma kwa treni ya zamani, ile ya dizeli, anakutazama kwa huruma. Mabasi yapo, ndege zipo kwa mwenye nazo, na wewe unakwenda kukaa kwenye kiti cha daraja la tatu kwa zaidi ya kilomita 1,200, usiku ukukute njiani na usiku wa pili ukukute njiani. Sisemi kuchelewa ni jambo jema. Mgonjwa anayetolewa Uvinza kupelekwa Dar hapati faida yoyote kwa kutazama miombo ya Malongwe. Lakini lipo jambo la watu wetu ambalo sijawahi kuliona wazi mahali popote kama ninavyoliona ndani ya behewa la daraja la tatu. Nadhani linaonekana kule kwa sababu safari ni ndefu mno, mtu hawezi kujifanya yuko peke yake.

Behewa letu lilijaa mapema. Mifuko ya shangazi kaja, ndoo zenye vifuniko, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, vyote vilipenyezwa madirishani kabla wenyewe hawajaingia. Mbele yangu aliketi mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa mitumba, na marobota yake mawili yakawa ndiyo meza yetu. Honi ya kuondoka ilikuwa haijalia bado, yeye ameshatuhoji wote.

"Mwanangu, unaitwa nani? Unashukia wapi? Nani anakupokea?"

Binti aliyepakata mtoto mchanga akasema anashukia Kaliua, kwa wakwe, na hajawahi kufika huko. Kijana mmoja mrefu, ambaye magoti yake yaligusa ya jirani muda wote wa safari, alikuwa anarudi kwao Kasulu. Angeshukia Kigoma atafute gari. Mzee mwenye baraghashia, Tabora. Fundi seremala kutoka Kisarawe, naye Tabora, kuna kazi ya milango ameitiwa. Mimi nikasema Kigoma, na kwamba hakuna anayenipokea.

"Hakuna?" akauliza, na niliona kabisa kwamba jibu hilo limemkaa vibaya.

Wapo wanaoyaona maswali kama hayo ni umbea. Mjini tumeshajifunza kukaa bega kwa bega kwenye mwendokasi bila hata kusalimiana, na wengine tunauita ustaarabu. Katika behewa lile, hadi tunapita Ruvu, kila mmoja alikuwa anajua majina ya watu wa viti vile na vituo vyao. Usiku ulipokuwa mzito, maarifa hayo yakaanza kufanya kazi. Anayekwenda chooni hakuuliza nani amwangalizie mzigo. Taa za stesheni zilipoanza kuonekana, mtu alipaza sauti, "Madirisha jamani, fungeni," kwa sababu mikono ya watu wa nje huingia haraka, na waliokuwa macho wakawafungia waliolala. Mtoto wa binti wa Kaliua alilia Kilosa, akatulia kwa mama wa mitumba, akalia tena, akaishia kifuani kwa kijana wa Kasulu, ambaye alimshika kwa woga mwanzoni na baadaye kwa ustadi. Binti mwenyewe alilala. Sidhani kama alikuwa amepata usingizi wa namna ile tangu ajifungue.

Alfajiri ilitukuta Gulwe. Kutoka hapo reli inakwenda ikipanda, na baada ya Msagali mlima unakuwa mkali hadi unasikia kichwa cha treni kinavyotaabika. Mazungumzo yalikatika yenyewe. Mzee alikaa vizuri, akainua mikono, akaomba dua kwa sauti ya chini. Vijana wawili watatu walitazamana, hawakuelewa.

Wenye umri wanapajua mahali pale. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Igandu ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mama wa mitumba alikuwa akiishi Dodoma mwaka ule, akiuza chai na vitumbua. Alitueleza jinsi miili ilivyolazwa Uwanja wa Jamhuri ili ndugu waje waitambue, na jinsi watu walivyokuwa wakifika kutoka Tabora, Mwanza na Kigoma wakiwa na picha mkononi. Miili mingi haikutambuliwa. Ilizikwa pamoja pale Dodoma.

Akasema, "Kilichoniuma, kuna waliopona. Nawapelekea chai, nawasikia wanaulizwa: yule dada uliyekaa naye alikuwa nani? Anasema, simjui, alivaa gauni la kijani. Usiku kucha wamekula sahani moja, wamesogezeana mizigo. Jina halijui. Na mama yake yule dada yuko pale nje na picha."

Alinyamaza kidogo, kisha akamalizia, "Tangu hapo mimi nauliza."

Binti wa Kaliua hakuyasikia hayo, alikuwa bado amelala. Na hili ndilo ninalotaka lieleweke. Kwa zaidi ya miaka 20 mama huyu amekuwa akipanda treni hii na kubeba majina ya watu asiowajua pamoja na vituo vyao, ili kama kuna la kutokea, awepo mtu wa kusema huyu ni fulani na kwao ni mahali fulani. Wengi wanashuka salama. Wanamkumbuka, kama wanamkumbuka, kama mama aliyependa maongezi. Hawajui kwamba usiku ule walikuwa na mdhamini.

Dodoma tulinunua chai na zabibu, na jua likaleta furaha. Furaha yenyewe ilianzia kwa mzee, ambaye aliinyakua chapati ya fundi wa Kisarawe mkononi mwake na kuila bila kuomba. Fundi hakukasirika. Alikuwa ameshajua tangu Dar kwamba mzee ni Mnyamwezi, na mzee alishajua kwamba fundi ni Mzaramo. "Kula tu, mpagazi," fundi akasema, "mmebeba mizigo ya watu mpaka shingo zimeisha." Mzee akamjibu kwa mdomo uliojaa kwamba afadhali shingo iishe kwa kazi kuliko miguu kuisha kwa ngoma. Behewa zima likaangua kicheko, na tangu hapo hadi Tabora wale wawili hawakuachana. Fundi alimbebea maji, akampisha dirishani, na kila alipomtendea wema alimtukana kidogo.

Utani huu wa Wanyamwezi na Wazaramo una mizizi katika njia hii hii. Reli ya Kati inafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ya Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikaa ugenini miezi kwa miezi, na mtu wa ugenini ana hofu kubwa mbili: kuugua na kufa pasipo na ndugu. Mtani aliziba pengo hilo. Alikuwa na ruhusa ya kukuchukulia chakula na kukutukana mbele ya watu, na siku ukifa alikuwa na wajibu wa kukuzika. Huwezi kudai mtu akuzike kama hamna uhusiano wowote, na uhusiano haujengwi kwa siku moja, kwa hiyo wazee wakatengeneza uhusiano ulio tayari, unaoanza kwa kutaja kabila tu. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mizigo ikahama mabegani ikaingia kwenye mabehewa. Utani haukwenda popote.

Saranda ndipo kila msafiri wa reli hii anapopangojea kwa njaa. Treni inasimama, na pembeni mwa njia wali, kuku na ugali vinasubiri kwenye masufuria yaliyofunikwa. Wenye nguvu hushuka wakala chini, wengine hununulia dirishani. Kijana wa Kasulu alimpa msichana mmoja noti ya shilingi elfu kumi kwa ajili ya kuku, akapokea kuku, na msichana akakimbilia kwa mama yake kutafuta chenji. Honi ikalia. Treni ikavutika. Tuliona msichana akirudi mbio, mkono umeinuliwa, lakini sisi tulikuwa behewa la mbele na mwendo ulishachanganya.

"Basi tena," kijana akasema, akarudi kukaa.

Tulipita Manyoni. Tulikuwa tunaelekea Itigi, mifupa ya kuku imeshatupwa, mtu akatokea kwenye mlango wa behewa akiita, "Nani kadai chenji Saranda? Kijana mrefu, shati jekundu!" Msichana alikuwa ameiwahi treni kwenye behewa la mwisho, akamkabidhi mwanamke aliyekuwa dirishani, akamweleza shati. Mwanamke akampa jirani anayekwenda mbele, jirani akaipitisha kwa mwingine, na hivyo hivyo kutoka behewa moja hadi jingine. Kijana alihesabu. Ilikuwa kamili.

Ningependa tusilipite hili haraka. Kila mkono uliopokea fedha ile ulikuwa wa mtu wa daraja la tatu, na elfu nne kwa mtu wa daraja la tatu ni mlo na maji. Hapakuwa na risiti. Aliyetuma asingejua kama imefika, na aliyetumiwa alikuwa ameshakata tamaa. Kama ingeishia njiani, hakuna ambaye angelalamika. Nimewahi kusikia watu wenye elimu kubwa wakisema Waafrika hatuaminiani kwa sababu tumeibiana sana, na sitabisha kwamba tumeibiana. Ndiyo maana madirisha yale hufungwa usiku. Lakini watu wale wale waliofunga madirisha usiku ndio waliopitisha chenji mchana. Yeyote anayeandika juu ya kuaminiana kwetu na akaacha mojawapo ya hayo mawili, ameandika nusu.

Tabora tulifika usiku. Wauza asali walipita na madumu, mzee akateremshwa na mtani wake kama bibi harusi, na tukaagana naye kwa kelele. Kijana wa Kasulu alitumia muda ule mtandao ulipokuwa mzuri kufanya jambo ambalo mimi nililijua baadaye. Simu ya binti wa Kaliua ilikuwa imezima chaji tangu asubuhi. Namba ya shemeji yake aliyekuwa akimpokea ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Kijana aliiona alipokuwa amempakata mtoto, akaandika ujumbe: mgeni wenu yuko behewa la tatu kutoka mbele, ana mtoto na mabegi mawili, njooni na tochi.

Kaliua ilikuwa giza. Behewa letu lilisimama mbali na jukwaa, kwa hiyo kutoka mlangoni hadi chini kulikuwa na kimo cha mtu, na mawe ya reli chini yake. Mama wa mitumba alishasimama kitambo. Yeye ndiye aliyeamrisha. Mabegi yakapita kwanza, mikononi mwa watu ambao dakika moja iliyopita walikuwa wakikoroma. Kisha binti akashushwa, mmoja amemshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Mtoto alibaki ndani. Tochi ikaja mbio kando ya behewa, na sauti ikataja jina la binti. Mama akamuuliza mwenye tochi, kwa ukali hasa, "Wewe ni nani yake? Kaka yako anaitwa nani?" Alipojibiwa vizuri ndipo mtoto alipotolewa dirishani, akapokewa, na treni ikaondoka.

Binti hakupata nafasi ya kushukuru. Hajui nani aliandika ujumbe. Pengine anaamini hadi leo kwamba shemeji yake alikuja na tochi kwa akili zake, na pengine amempenda kwa hilo, na ukwe ukaanza vizuri. Sijui, na kijana wa Kasulu hajui. Hakuonekana kutaka kujua. Alifumba macho akalala, kichwa kikigonga kioo kila reli ilipoungana.

Wema wa namna hii hauna shahidi aliye kamili. Aliyeutenda ameuona mwanzo, aliyetendewa ameuona mwisho, na mara nyingi hawakutani katikati. Ndiyo maana tunauhesabu kidogo. Tunapozungumza juu ya watu waliobadilisha maisha ya wengine tunataja wenye majina na sanamu. Mtu aliyeandika ujumbe wa maneno machache kwa salio lake mwenyewe hana mahali pa kuandikwa.

Mama wa mitumba alishukia Nguruka kabla ya mapambazuko. Marobota yalishushwa na watu wa behewa, na yeye akabaki mlangoni akigawa wosia. Kwangu alinipa kipande cha boksi la biskuti chenye namba. "Ukifika unipigie. Usinitumie meseji, nataka nisikie sauti." Kwa kijana akasema, akininyooshea kidole, "Huyu hana mwenyeji Kigoma. Ni wako."

Tukavuka Malagarasi mwanga ukiingia. Uvinza, ambako chumvi imechimbwa na kuuzwa tangu kabla ya reli, alipanda bibi mmoja na furushi lake, akasimama akitafuta pa kukaa. Kijana alimpisha. Alimwekea furushi vizuri chini ya kiti, akamwinamia, na nikamsikia akiuliza, kwa upole ambao yule mama hakuwa nao, "Shikamoo bibi. Unaitwa nani? Unashukia wapi?"

Kigoma kijana alitimiza alichokabidhiwa. Aliniombea bei kwa bodaboda, akakataa nyumba ya wageni ya kwanza kwa sababu kitasa cha mlango kilikuwa kibovu, na hakuondoka kwenda kutafuta gari la Kasulu mpaka nilipopata ufunguo mkononi. Nilimpa fedha ya maji. Akaikataa mara mbili, ya tatu akaipokea.

Kesho yake nilikwenda Ujiji. Makumbusho iko pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Miembe iliyopo leo inasemekana ni uzao wa ule. Hadithi ya watu wawili wale imesimuliwa sana. Mimi nilikwenda na mtu wa tatu kichwani. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji mwezi Oktoba mgonjwa na mnyonge, akakuta bidhaa zake zote zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa azitunze. Hakuwa na kitu. Kabla Stanley hajafika, mfanyabiashara wa pale Ujiji, Sayyid bin Majid, alimwendea akajitolea kuuza sehemu ya pembe zake za ndovu ili ampatie bidhaa za kununulia chakula. Livingstone alimjibu kwamba bado, labda baadaye. Siku chache zikapita, msafara wa Stanley ukaingia na bendera na milio ya bunduki, na haja ya pembe zile ikaisha.

Zama zile zilikuwa za pembe na za watumwa, na sitaki kumpamba mtu yeyote wa biashara ile kupita ninavyomjua. Lakini alimwona mgeni amekwama akamwendea kabla hajaombwa. Tunalijua tendo lake kwa sababu Livingstone aliliandika kwenye daftari lake, ingawa hakulitumia. Na daftari lenyewe tunalo kwa sababu Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake hadi pwani, wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Majina ya wengi wa wabebaji wale huyasikii yakitajwa mahali popote.

Nilipotoka pale nilishuka hadi karibu na maji, ambako wanawake walikuwa wakianika dagaa, nikapiga ile namba. Iliita kwa muda mrefu. Alipopokea nilisikia mnada nyuma yake, watu wakibishania bei ya suruali.

"Nimefika, mama. Nimelala salama."

"Alhamdulillahi. Na yule kijana? Alipata gari?"

Nikamwambia alikuwa anakwenda kulitafuta tulipoachana.

"Hukumuuliza? Nipe namba yake," akasema, na akamwomba mteja wake asubiri.